Wasomaji Wanauliza: Siku ya Kutembea, Kuanzia Soli Hadi Saa ya Kufika

Kipupwe kikianza, barua za watu wanaotaka kuzikimbia foleni za Dar na kwenda kutembea milimani huwa nyingi. Safari hii tumechukua nane. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha, na majina tumeyaacha.

Swali: Sisi ni watu tisa wa ofisi moja, Tabata. Mwezi wa nane tunataka kutembea kutoka Lushoto hadi Mtae kwa siku tatu, tukilala Lukozi na Rangwi. Wenzetu wawili wanasema kilomita ishirini kwa siku ni mchezo, maana mtu hutembea kilomita tano kwa saa. Kweli?

Jibu: Kilomita tano kwa saa ni kweli pale Barabara ya Barack Obama, asubuhi, mikono mitupu. Usambara ni habari nyingine. Hesabu inayotumika mpaka leo ni ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye pumzi, asiyesimama kupiga picha. Kwa kikundi chenye mabegi, wekeni kilomita nne kwa saa, na kama kuna mmoja ambaye hajawahi kupanda mlima, tatu na nusu.

Chukueni mfano wa siku ya kilomita 18 yenye mita 700 za kupanda. Kilomita peke yake ni saa nne na nusu. Kupanda kunaongeza saa moja na dakika kumi. Dakika kumi za kupumzika kila saa zinakaribia saa nzima, tuseme dakika 55. Chakula cha mchana dakika 40. Mmefika saa saba na robo, na bado hakuna aliyeteguka mguu wala aliyesahau miwani alipokaa.

Sasa pimeni hizo saa saba na robo kwa mwanga mlio nao. Pande zetu hizi jua huzama kati ya saa 12 na robo jioni na saa 1 kasoro robo, mwaka mzima, na likishazama mnabakiwa na kama dakika ishirini za kuona mizizi njiani. Mkiwa bondeni na mlima uko magharibi yenu, giza linawahi zaidi. Kwa hiyo pangeni kufika saa 10 alasiri, ili saa mbili zilizobaki ziwe akiba ya kitakachoharibika. Mkiondoka saa 1 asubuhi, mmefika saa 8 na robo, hata nguo zinapata jua la kukaukia. Mkiondoka saa 3 na nusu, mnafika saa 11 kasoro robo na akiba mmeshaila. Kinachochelewesha vikundi vya Dar mara nyingi ni supu na chapati za asubuhi, pamoja na ile tabia ya kusema saa kumi na mbili huku kila mtu kichwani mwake anasikia saa mbili. Agizeni chai usiku, na mizigo ifungwe kabla ya kulala.

Wekeni pia saa ya kukata shauri. Saa 6 mchana ikifika hamjavuka nusu ya njia, acheni vichochoro, mtoke kwenye barabara kuu ya Lushoto–Mtae ambako bodaboda zinapita. Shauri hilo likatwe asubuhi, mkiwa bado mmetulia. Mchana hakuna anayekubali kuwa wa kwanza kusema amechoka.

Usambara mtu hapotei kwa kukosa njia, anapotea kwa wingi wa njia: kila shamba la kabichi lina kijia chake, na kijia kizuri kuliko vyote huenda kikaishia kwenye mlango wa jikoni kwa mtu. Chukueni kiongozi wa njia wa Lushoto. Mkilazimika kuuliza, salimieni kwanza, kisha msiulize "Hii ndiyo njia ya Lukozi?" Mtu mstaarabu atawajibu ndiyo, hata kama ni kwa kuzunguka milima miwili. Ulizeni "Njia ya Lukozi ni ipi?" mumwache anyooshe mkono mwenyewe. Na jibu la "hapo tu" mlizidishe mara tatu, kwa kuwa anayelitoa hupanda kilima hicho kila siku ya gulio na mzigo kichwani.

Mwendo ni wa aliye wa polepole kuliko wote. Mwekeni wa pili, nyuma ya kiongozi, na mkiani akae mtu mwenye subira ambaye hapitwi na yeyote. Mkipita Msitu wa Hifadhi wa Magamba, kibali ni cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Lipieni kwa namba ya malipo ya serikali na mtunze risiti. Siku ya basi kutoka Kituo cha Magufuli, Mbezi, msiihesabu kuwa siku ya kutembea. Mpaka mpite Chalinze, Segera, Korogwe, mpinde Mombo na kupanda kona zote hadi Lushoto, siku imeisha.

Swali: Nilinunua buti nzito za mlimani mtumbani Karume, ngozi yake safi kabisa, nikaona nimeokota dhahabu. Nilipozijaribu Pugu, soli zote mbili zilibanduka kabla ya saa sita. Muuzaji aliniuzia kiatu kibovu makusudi? (Kijana wa Ubungo)

Jibu: Huenda na yeye hakujua. Ugonjwa wa buti hizo hauko kwenye ngozi wala kwenye soli ya chini inayogusa ardhi. Uko katikati, kwenye ile tabaka ya povu inayokupunguzia mshindo. Buti nyingi za mlimani zina povu la poliyurethani. Linabeba uzito vizuri na halibonyei haraka, lakini unyevu wa hewa hulivunja kidogo kidogo, na joto huongeza kasi. Kiatu kikikaa kabatini miaka mitano, saba au kumi, povu huoza hata kama hakijavaliwa mara mbili. Kisha kinavuka bahari ndani ya belo na kufika Dar, mji wa joto na unyevu. Siku ya kwanza unapokitwisha uzito wako kwenye mteremko, kinakatika kama keki iliyokauka.

Kabla ya kulipa, kipeleke kiatu kwenye mwanga. Bonyeza kwa kidole gumba ubavuni mwa kisigino, palepale kwenye povu, kwa nguvu. Povu zima hurudi lilivyokuwa. Bovu hubaki na shimo, hupasuka vijimistari, au huacha unga wa kunata kwenye kidole. Kunja kiatu mara kumi kana kwamba unakanyaga kwa vidole, kisha angalia mstari ambapo povu linakutana na soli. Ukiona nyufa nyembamba, weka chini na uende kibanda kingine, hata kama bei imeshuka mara tatu ukiwa umesimama. Raba za kukimbilia au za njia za vumbi, zenye povu jepesi la EVA, haziozi namna hiyo. Tatizo lao ni kubonyea: ukiona mikunjo ya kudumu ubavuni mwa povu, limeshalala.

Na za kwako sasa? Tazama kilichobaki juu ya soli iliyobanduka. Kama ni gundi tu iliyoachia na povu ni gumu, fundi viatu azikwangue, apake gundi, azikandamize mpaka kesho yake, halafu azishone pembeni kuzunguka kwa uzi wa nailoni. Zitatembea. Kama povu lenyewe linamong'onyoka, gundi na uzi havina pa kushika. Fundi mzuri anaweza kung'oa povu lote na kuweka jipya pamoja na soli mpya. Linganisha gharama hiyo na bei ya raba nzuri kabla hujakubali.

Safarini beba mita mbili za kamba nyembamba ya manila. Soli ikiachia, funga mizunguko miwili karibu na vidole na mmoja kwenye uvungu wa mguu, mbele ya kisigino, kamba ikipita chini ya soli. Fundo likae juu, upande wa nje, lisije likasuguana na mguu wa pili. Njia ya mawe huila kamba, kwa hiyo ikague kila saa.

Swali: Malengelenge yananitoka kisiginoni kila nikitembea zaidi ya saa mbili, na nikishuka mlima kucha za vidole gumba zinageuka nyeusi. Viatu ni saizi yangu kabisa. (Dada wa Kinondoni)

Jibu: Hiyo "kabisa" ndiyo yenye kesi, dada yetu. Mguu huvimba ukitembea siku nzima. Nunua viatu jioni, ukiwa na soksi utakazotembea nazo; sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, na nyuma ya kisigino paingie kidole kimoja cha mkono. Kwa wengi hiyo ni nusu saizi au saizi moja zaidi. Kucha zikate siku mbili tatu kabla ya safari, zinyooke, usizichonge pembe.

Kisigino kinachopanda na kushuka ndani ya kiatu ndicho kinacholeta lengelenge, na mguu unaoteleza mbele ndio unaoua kucha. Vyote viwili vinatulizwa kwa namna moja ya kufunga kamba. Funga kama kawaida hadi tundu la pili kutoka juu. Hapo kila ncha ipandishe kwenye tundu la juu upande uleule, usiivushe, ibaki pete ndogo kila upande. Ncha ya kushoto ipite kwenye pete ya kulia, ya kulia kwenye pete ya kushoto. Vuta zote kuelekea chini na nyuma mpaka usikie kisigino kimekaa, kisha funga fundo. Rudia kukaza kabla ya kila mteremko mrefu.

Soksi za pamba ziache nyumbani, zinanyonya jasho na kulikalia. Vaa za sufu au za nailoni, na za akiba uzibadilishe wakati wa chakula. Ukisikia joto mahali pamoja, simama hapohapo, usisubiri kufika kwenye kivuli. Kausha ngozi, bandika plasta ya kitambaa iliyokatwa pembe za mviringo, isiwe na mkunjo hata mmoja. Lengelenge dogo liache na ngozi yake. Kubwa linalouma litobolewe pembeni kwa sindano safi, majimaji yatoke, ngozi ya juu ibaki, lifunikwe. Mwenye kisukari asilitoboe mwenyewe.

Swali: Nina miaka 58, natumia dawa ya presha, nakaa Tegeta ambako kilima kirefu ni tuta la barabarani. Nitafanyaje mazoezi ya kupanda?

Jibu: Mzee wetu, anza kwa daktari wako, na umuulize hasa kama dawa yako ni ile inayoongeza mkojo, kwa kuwa juani itakukausha mapema kuliko wenzako.

Baada ya hapo, ngazi. Jengo la ghorofa nne linatosha, na hata lile daraja la waenda kwa miguu la Manzese. Watu hujiandaa kupanda wakasahau kushuka, kumbe kushuka ndiko kunakoumiza mapaja: msuli unarefuka huku umebeba uzito, na maumivu yake huja kesho yake au keshokutwa, yaani katikati ya safari. Kwa hiyo usipande kwa miguu ukashuka kwa lifti. Mara tatu kwa wiki, dakika 20, uongeze hadi 40. Mwisho wa wiki nenda vilima vya Pugu na Kisarawe, kilomita nane, kisha kumi na mbili, kisha kumi na tano, muda wa wiki sita hadi nane.

Uzito wa begi tumia chupa za maji. Chupa nne za lita moja na nusu ni kilo sita. Magoti yakilalamika kabla ya kushuka, unamwaga. Fimbo ya mti inafaa kama ya dukani, ilimradi ukiishika kiwiko kikae pembe mraba. Mteremkoni ishike juu zaidi, itangulie mguu, hatua ziwe fupi.

Swali: Ni mwalimu wa skauti, Mbagala. Nitakuwa na watoto 24 kwa matembezi ya kilomita 12 pande za Kisarawe. Maji kiasi gani, na vidonge vya kutibu maji vinatumikaje?

Jibu: Mwalimu, hesabu lita mbili kwa kila mtoto, jumla lita 48. Watoto wasizibebe zote: kila mmoja atoke na lita moja, nyingine zipelekwe na bodaboda mahali mtakapolia chakula, na mtu mzima awe anazilinda. Kwenye joto la pwani mtu anayetembea huhitaji kama nusu lita kwa saa, kwa mafunda, si kwa kugugumia. Maji matupu mengi kupita kiasi nayo ni hatari, yanazimua chumvi ya mwili mpaka mtu anaumwa kichwa na kutapika. Ndiyo maana kunywa kuende na kutafuna kitu chenye chumvi.

Vidonge vina mtego mmoja. Vingi vinavyouzwa maduka ya dawa vimepimwa kwa ndoo ya lita 20. Ukitumbukiza kimoja kwenye chupa ya lita moja na nusu, umeweka dawa zaidi ya mara kumi, na kukivunja kwa kukisia hakukusaidii. Soma pakiti. Kisha tibu ndoo nzima jioni ya kuamkia safari: maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kidonge kiingie, koroga, funika, subiri dakika 30. Asubuhi mnajaza chupa.

Pakiti za ORS beba kumi. Zikikuishia, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usizidishe chumvi. Mtoto anayetoka jasho na kulalamika kizunguzungu atapona kivulini. Anayeanza kuongea yasiyoeleweka au kuyumba ni dharura: kivuli, vua shati, mwagia maji mwili mzima, pepea, na gari la kwenda hospitali liitwe wakati huohuo.

Swali: Mchana tule nini? Mke wangu anataka kutufungia pilau. (Tandika)

Jibu: Pilau ale aliyebaki nyumbani. Wali uliofungwa wa moto, ukakaa begini hadi saa saba, huzalisha sumu ambayo hata kuupasha tena hakuiondoi, na wali wa nazi huchacha haraka zaidi. Chapati, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, karanga zenye chumvi, tende, ndizi mbivu. Maandazi hukausha koo. Kula kidogo kila saa kuliko mlo mmoja mkubwa. Aliyeshiba sana hupanda vibaya, na kikundi kizima kinamsubiri.

Swali: Tulipita kichakani Pugu, mwenzetu akaanza kujikuna mpaka analia. Tulimmwagia maji, ikazidi. (Mwanafunzi, Gongo la Mboto)

Jibu: Upupu. Maganda yake yakikauka, manyoya yake madogo hupeperuka na upepo hata kama hukuyagusa. Kujikuna kunayazamisha, na maji kidogo yanayatembeza hadi pasipokuwa nayo. Asijisugue. Bandika plasta au solotepu juu ya ngozi, uibandue, uipige tena na kipande kipya, mpaka manyoya yatoke. Wengi hupaka majivu makavu na kuyapangusa kwa upande mmoja, nayo husaidia kwa namna hiyohiyo. Maji mengi na sabuni yaje baadaye. Zile nguo zivuliwe zikigeuzwa ndani nje na zifuliwe peke yake. Suruali ndefu, miguu yake ikiingizwa ndani ya soksi, inakinga upupu na siafu kwa mpigo mmoja.

Swali: Mwanangu anasoma Virginia, Marekani. Anataka kutembea siku moja kwenye Appalachian Trail mwezi wa kumi na mbili na hana kiongozi wa njia. Hatapotea? (Baba, Kigamboni)

Jibu: Njia hiyo ina zaidi ya kilomita 3,500, kutoka mlima Springer, Georgia, hadi Katahdin, Maine, na Virginia ndiyo jimbo lenye kipande kirefu kuliko yote. Imewekwa alama vizuri: mstari mweupe wa rangi kwenye miti na mawe, upana sentimita 5, urefu sentimita 15. Mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, maana yake angalia, njia inakata kona. Mstari wa buluu ni njia ya pembeni, ya kwenda kwenye maji, kibanda cha kulala au mahali pa kutazama mandhari. Akitembea robo saa hajaona mweupe, arudi hadi ule wa mwisho aliouona, asikate msituni kuutafuta.

Cha kumwambia zaidi ni mwanga. Mtoto aliyekulia Kigamboni amezoea jua linalozama karibu wakati uleule mwaka mzima. Kule mwezi Juni linazama saa 2 na nusu usiku imeshapita, lakini Desemba linazama karibu saa 11 jioni. Siku ya kilomita 18 aliyoiona kwenye picha za kiangazi haimtoshi Desemba. Aanze alfajiri, afanye kumi au kumi na mbili, awe na taa ya kichwani na betri za akiba. Simu hufa haraka kwenye baridi, kwa hiyo aiweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, na ramani ya karatasi iwe begini.

Majira ya baridi yanaingiliana na msimu wa wawindaji, hivyo avae kizibao cha rangi ya chungwa kali. Jioni akague kwapa, nyuma ya magoti na nywele kama kuna kupe, kwa sababu kule wanaeneza ugonjwa wa Lyme na siku za Desemba zisizo na barafu bado wanatembea. Akimkuta, amshike kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi na amvute moja kwa moja, bila kumsokota wala kumpaka mafuta.